Mwalimu wa Hesabu wa Same na Vita vya Vietnam

Wiki ya tatu ya muhula huu tulikaa vimbwetani tukabishana mpaka walinzi wakaanza kutuangalia vibaya. Sisi wa elimu tulikuwa tumeomba ukumbi kwa jioni moja tu, tuzungumze juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Rafiki yangu mmoja, mwakilishi wa darasa na mtu ninayemheshimu, akapinga kabisa. "Boom halijatoka, watu wanakula mlo mmoja, halafu nyie mnataka kujadili vita vya watu? Tushike moja." Nilimjibu kwa hasira, na jibu lenyewe halikuwa na kichwa wala miguu. Hapa najaribu kumjibu upya, safari hii nikiwa nimesoma.

Mwaka jana nilifanya TP wilaya ya Same, hesabu kidato cha pili. Nilirudi chuoni bila kujua kwamba miaka ya 1970 shule ya sekondari ya Same ilikuwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa Mmarekani Mweusi, aitwaye Bob Moses. Nimekuja kukutana na jina lake maktaba, kwenye usomaji wa kozi nyingine kabisa. Kilichomleta huku ni swali lilelile la vimbwetani: je, watu wanaodai haki zao nyumbani wana sababu ya kuingilia habari za vita vya mbali?

Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Alisoma falsafa Harvard, akawa mwalimu wa hesabu. Februari 1960 aliona kwenye magazeti picha za wanafunzi Weusi waliokaa kwenye kaunta ya mgahawa wa Wazungu huko Greensboro wakagoma kuondoka. Hakukaa sana kabla ya kwenda kusini na kujiunga na SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopambana na ubaguzi bila kutumia mabavu. Akapelekwa Mississippi, jimbo ambalo chini ya asilimia 7 ya Weusi wenye umri wa kupiga kura ndio walioandikishwa. Ili uandikishwe ulipewa kifungu cha katiba ya jimbo ukifafanue, na msahihishaji alikuwa karani Mzungu, ambaye aliweza kukufelisha anavyotaka. Kwa sisi walimu watarajiwa huo ni mtihani wa kutafakari.

Kazi yake haikuwa ya majukwaa. Alikaa vibarazani na wakulima, alisikiliza kuliko alivyosema, alimsindikiza mtu mmoja mmoja hadi mahakamani kujiandikisha, na alipigwa hadi akashonwa kichwa. Mwaka 1964 SNCC na wenzake walileta wanafunzi wa kujitolea karibu 1,000, wengi Wazungu kutoka vyuo vya kaskazini, wakafungua Shule za Uhuru zaidi ya 40. Watoto walisoma historia yao, walitunga magazeti, na waliulizwa maswali ambayo shule za jimbo hazikuthubutu kuwauliza.

Kiangazi hicho ndipo vita vilipoingia katika habari hii. Juni 21 vijana watatu wa kampeni ile, Mweusi mmoja na Wazungu wawili, walitoweka karibu na mji wa Philadelphia, Mississippi. Miili yao ilipatikana Agosti 4, imefukiwa kwenye tuta la bwawa. Usiku wa siku hiyohiyo Rais Lyndon Johnson alitangaza kwenye televisheni kwamba ndege za Marekani zinaishambulia Vietnam ya Kaskazini. Siku chache baadaye, kwenye ibada ya kuwakumbuka wale vijana, Moses alisimama na gazeti la siku ile lenye habari za Vietnam, akaziweka habari hizo mbili pamoja. Serikali iliyokuwa ikidai haina mamlaka ya kumlinda mpiga kura wa Mississippi ilikuwa na uwezo wa kupeleka mabomu upande wa pili wa dunia kwa jina la uhuru.

Nataka rafiki yangu aone jambo moja hapa. Moses hakuacha madai ya nyumbani akakimbilia ya nje. Swali la kura, yaani nani anaamua na nani anabeba gharama, ndilo lililompeleka Vietnam.

Na hakuwa peke yake. Mji wa McComb, ambako alianzia kazi, ulimpoteza kijana mmoja aliyeuawa Vietnam mwaka 1965. Kijana huyo alikuwa ameandamana dhidi ya ubaguzi palepale mjini kwao. Julai mwaka huo wenzake waliandika kikaratasi na kukisambaza, wakisema Mweusi wa Mississippi asipigane Vietnam kabla hajawa huru kwao. Magazeti yaliwashukia. Viongozi wa chama chao wenyewe cha jimbo walisema huo si msimamo wa chama. SNCC, kamati ya wasomi na wanaharakati, ilikuja kutoa tamko lake la kuipinga vita Januari 6, 1966, siku tatu baada ya Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee aliyewahi kutumikia jeshi la majini, kupigwa risasi kituo cha mafuta kwa sababu ya ubishi wa choo cha Wazungu. Kwa hiyo wa mtaani walitangulia, viongozi wakafuata baadaye.

Sasa, hoja ya rafiki yangu si ya kijinga, na ilikuwa na wenyewe. Johnson ndiye aliyetia saini sheria ya haki za kiraia mwaka 1964 na ile ya kura mwaka 1965. Ukimkosoa juu ya Vietnam, unamgeuza adui mtu uliyekuwa ukimtegemea. Martin Luther King alipoipinga vita waziwazi Aprili 4, 1967, katika kanisa la Riverside, New York, haikupita hata wiki moja kabla NAACP, chama kikongwe cha haki za Weusi, hakijapitisha azimio la kukataa kuunganisha harakati hizo mbili. Julian Bond wa SNCC alikuwa amechaguliwa mbunge wa jimbo la Georgia. Wenzake bungeni wakakataa kumwapisha kwa sababu ya tamko lile, hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua Desemba 1966 kwamba wamemnyima haki yake. Gharama zilikuwepo kweli. Lakini naona NAACP walipiga hesabu ya marafiki walionao serikalini, na pembeni hawakuandika majina ya vijana waliokuwa wakirudishwa McComb ndani ya majeneza.

Wanafunzi wa vyuo nao walikuwa na doa lao, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Aliyekuwa chuoni aliahirishiwa kwenda jeshini, wakati kijana wa rika lake aliyeko shambani au kiwandani aliitwa. Mwaka 1966 ukaletwa hata mtihani wa taifa wa kusaidia kuamua nani aendelee kuahirishiwa, na nafasi yako darasani nayo ikahesabiwa. Hebu fikiria unasahihisha skripti ukijua kwamba D yako inaweza kumpeleka mtu vitani. Mei mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walilikalia jengo la utawala wakipinga chuo kutoa orodha hizo. Walikuwa wanapinga upendeleo uliokuwa ukiwalinda wao wenyewe.

(Oktoba 1966 hiyohiyo wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na JKT, wakalalamikia kukatwa mishahara, na Mwalimu akawafukuza chuo. Tukisimuliana habari hiyo huwa tunajiona mashujaa. Sina uhakika kwamba tunastahili.)

Moses aliitwa jeshini mwaka 1966. Alikuwa na miaka 31, wakati kawaida waliokuwa wakiitwa hawakuzidi 26. Alivuka kwenda Kanada, akaishi kwa jina lingine na vibarua vya hapa na pale. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na mkewe Janet wakaja Tanzania. Akafundisha Same hadi waliporudi Marekani mwaka 1976, wakiwa na watoto, watatu kati yao waliozaliwa hapa nchini. Binti mkubwa wanamwita Maisha. Mwaka 1982 shule ya Maisha haikuwa na somo la aljebra kwa darasa lake, baba akaenda kumfundisha yeye na wenzake wachache. Hapo ndipo ulipoanzia Mradi wa Aljebra, ambao uliendelea kumshughulisha hadi alipofariki mwaka 2021. Alishikilia kwamba katika zama za kompyuta mtoto asiyejua aljebra anafungiwa mlango, kama mkulima wa Mississippi alivyofungiwa kura. Kule TP niliwaambia watoto wafanye zoezi la kutafuta x kwa sababu litatoka kwenye mtihani. Sikuwa na sababu nyingine ya kuwapa.

Ukumbi tumeupata, Alhamisi ijayo. Tutafuata mtindo wa walimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambao Machi 1965 badala ya kugoma walifundisha juu ya Vietnam usiku kucha, na watu zaidi ya 3,000 wakaja. Hatutawapata 3,000, na saa nne usiku ukumbi unafungwa.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili kutoka Goma amekubali kuanza. Tulimwomba aeleze historia ya vita, akasema historia tutaisoma wenyewe. Yeye atazungumzia ada. Hana mkopo kama sisi. Ada yake inatoka kwenye duka la baba yake, na benki za Goma zilifungwa tangu mji ulipotekwa Januari 2025. Rafiki yangu wa vimbwetani aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akauliza deni ni shilingi ngapi. Ameomba kuwa mwenyekiti wa kikao.