Damu ya Mama na Damu ya Mtoto

Tulipofika kwenye kinga za mwili katika somo la viumbe, mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu aliuliza hivi: ikiwa mama ana kaswende, na damu ya mtoto wake mchanga nayo yaonyesha kaswende, je, si wazi kwamba mtoto ameambukizwa? Si wazi hata kidogo.

Vijidudu vya kaswende, vilivyogunduliwa Ujerumani mwaka 1905 na Schaudinn na Hoffmann, huweza kupita kondo la nyuma na kumwingia mtoto tumboni. Lakini vipimo vya kawaida vya damu havitafuti kijidudu chenyewe. Hutafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza kupigana nacho. Ziko kinga za aina mbili zinazotuhusu. IgM hutangulia, nayo ni kubwa mno, haipiti kondo. IgG hufuata, nayo hupitishwa, hata mtoto huzaliwa na akiba ya mama yake.

Sisi wa Njoro twaijua mifereji ishukayo mlimani. Maji yakionekana katika shamba la chini, huenda yametoka juu tu. Funga mfereji, ungoje. Yakikauka, yalikuwa ya juu. Yakizidi, chini pana chemchemi. Kuzaliwa ndiko kufungwa kwa mfereji.

Mbona basi mganga asipime IgM peke yake? Kipimo hicho hukosea mara nyingi, na hospitali nyingi hazinacho. Yeye hulinganisha damu ya mama na ya mtoto kwa kipimo kimoja, kama RPR, akiizimua nusu kwa nusu: 1:2, 1:4, 1:8, na kuendelea. Mama akionekana hadi 1:8 na mtoto hadi 1:32, yaani mara nne, mtoto ana chemchemi yake. Damu ya mtoto itolewe mshipani mwake, maana ya kitovuni huweza kuchanganyika na ya mama.

Mtoto akiwa sawa na mama au chini yake, bado hajasalimika. Wagonjwa wengi huwa hivyo, na wengi huzaliwa wakionekana wazima. Kwa hiyo mganga hutazama pia mafua yasiyokoma, vipele vya viganjani na nyayoni, ini, wengu na mifupa. Kwa mtoto asiyeambukizwa, RPR hutoweka kwa kawaida kabla ya miezi 6. Lakini ikiwa mama hakutibiwa, haifai kungoja miezi hiyo. Mtoto hupewa penisilini mara moja.

Watafiti wa Mwanza waliandika mwaka 2002 kwamba, kati ya wanawake wenye kaswende kali wasiotibiwa, robo walizaa watoto wafu. Kati ya wasio na ugonjwa, ni kama 1 katika 100. Waliochomwa sindano moja ya penisilini, uniti milioni 2.4, walijifungua salama sawa na wasio na ugonjwa. Sindano hiyo ikichomwa siku zisizofika 30 kabla ya kujifungua, mtoto huhesabiwa kuwa hajatibiwa tumboni.