ASKARI WA MWILI NA UGONJWA WA UKOMA



Mwilini mwako mna askari. Ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Leo tujifunze jinsi wanavyopambana na ukoma, na jinsi tiba inavyowasaidia.

Ukoma si laana, wala hauletwi na uchawi. Unaletwa na vijidudu. Dakta Hansen wa Norway aliviona mwaka 1873. Watu wengi wakiambukizwa hawaugui, kwa sababu askari wao huvishinda. Askari wakishindwa, vijidudu hukaa katika ngozi na mishipa ya fahamu. Baka hutokea, na likiguswa mgonjwa hasikii.

1. Kuwaamsha askari

Mtoto mchanga huchomwa chanjo ya BCG ili kumkinga na kifua kikuu. Chanjo hiyo husaidia kuzuia ukoma pia, maana vijidudu vya magonjwa haya mawili ni ndugu. Kinga hiyo si kamili, lakini ina faida.

Huko Venezuela, Dakta Jacinto Convit alichanganya BCG na vijidudu vya ukoma vilivyouawa kwa joto. Aliwachoma wagonjwa ili askari wao waamke. Lakini mchanganyiko huo ulipojaribiwa kuwakinga watu wanaoishi na wagonjwa, haukuishinda BCG peke yake. Kwa hiyo tiba ya ukoma mpaka leo ni vidonge. Hutolewa bure. Mwenye mabaka machache hutumia miezi 6, mwenye mengi miezi 12.

2. Kuwatuliza askari

Vidonge huua vijidudu, lakini mabaki yake hukaa mwilini kwa muda. Pengine askari huyashambulia kwa nguvu mno. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ni mishipa yako ya fahamu.

Dalili zake ni hizi:
(a) Mabaka huvimba na kuwa mekundu.
(b) Mshipa wa kiwikoni au wa gotini huuma.
(c) Mkono au mguu hulegea au hufa ganzi.

Hapo wengi hukosea. Husema, "Dawa imenidhuru," kisha huacha vidonge. Usiache! Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama umekwisha maliza dawa. Mganga akiona inafaa, utapewa prednisoloni, dawa ya kuwatuliza askari. Humezwa kwa wiki nyingi, na kipimo hupunguzwa kidogo kidogo. Usiikatishe ghafla, wala usimgawie jirani. Na vidonge vya ukoma endelea navyo mpaka mwisho.

Ukiwahi kabla ya miezi 6 kupita, mkono unaoshika jembe unaweza kupata nguvu tena. Ukichelewa, kilema hubaki maisha yote.

Maswali
1. Askari wa mwili ni nini?
2. Kwa nini mabaka huweza kuvimba wakati mgonjwa anatumia dawa?
3. Jirani yako akitaka kuacha vidonge, utamwambia nini?