SOMO: KUMUAGA KIONGOZI ANAYESTAAFU

Uchaguzi wa viongozi unapomalizika, chama cha msingi hubaki na kazi moja isiyoelezwa katika masharti yake, nayo ni kuwaaga wale wanaoondoka madarakani. Kwa kawaida kazi hiyo humwangukia katibu. Yeye huandika risala, na yeye huinakili katika kitabu cha kumbukumbu. Risala nyingi za namna hiyo hufanana kama sare. Mzee amekuwa mchapakazi, mpenda watu, baba wa wote. Jina lake likifutwa na kuandikwa la mtu mwingine, hakuna mwanachama atakayetambua.

Sifa za aina hii hazimdhuru yule anayeondoka. Huwadhuru wanaobaki, kwa kuwa hawajifunzi kitu. Jambo hili laonekana wazi katika kuaga kukubwa kuliko kote ambako wanaushirika wa Tanzania wamepata kukushuhudia.

Tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais, na Mwalimu Julius Nyerere akaiacha kazi aliyoifanya tangu 1962. Hakuondolewa na jeshi wala na kifo, jambo lililokuwa adimu Afrika wakati ule. Wenzake katika siasa walikuwa na mengi ya haki ya kumsifia: umoja wa makabila zaidi ya 100, kisomo cha watu wazima, shule zilizofika vijijini. Hakuna mwanaushirika mwenye akili angeyakana hayo.

Lakini mwanaushirika alikuwa na neno lake jingine. Mei 1976 Serikali ya Mwalimu huyo huyo ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao, na vijiji vilivyoandikishwa kwa sheria ya 1975 vikachukua nafasi ya vyama vya msingi. Chama Kikuu cha Kilimanjaro kilikuwa kimedumu tangu 1933. Kule Mwanza na mikoa jirani, wakulima wa pamba walikuwa wamejenga umoja wao katika miaka ya 1950, wakanunua vinu vya kuchambulia pamba kwa jasho lao. Mali iliyokusanywa kwa miaka mingi ikaingia mikononi mwa watu ambao mkulima hakuwachagua wala hakuweza kuwaondoa. Malalamiko ya malipo kuchelewa yakasikika karibu kila mahali.

Ni haki kusema pia kwamba vyama havikuwa safi. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta wizi, upendeleo wa ndugu, na wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje. Aliyevivunja vyama hakukosa sababu. Alikosea dawa.

Je, mtu kama huyo aagwe vipi na watu wa ushirika? Bahati njema, Mwalimu mwenyewe aliwarahisishia kazi. Mwaka 1984, kabla ya kung’atuka, alihojiwa na jarida la Third World Quarterly la London. Akasema kwamba kama angeanza upya yako mambo ambayo asingeyafanya, na mawili kati yake ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Akakiri kwamba walikuwa na pupa, na kwamba hawakujua. Kufikia hapo sheria ya 1982 ilikuwa imekwisha kuvirudisha vyama vya ushirika, kwa hiyo maneno yake hayakuwa ya kutafuta kura wala ya kujiokoa.

Katibu atazame kwa makini neno moja katika maungamo hayo. Mwalimu alisema kwa wingi: sisi tulikuwa na pupa. Hapo ndipo ugumu wa kumsifu mwenzi wa siasa ulipo. Uamuzi wa 1976 haukufanywa na mtu mmoja chumbani. Walikuwako mawaziri, wabunge na viongozi wa chama cha siasa, na wengi wao walipiga makofi. Aliyepiga makofi mwaka 1976, kisha akasimama 1985 kumwaga sifa peke yake, alikuwa akijificha nyuma ya mgongo wa anayeondoka. Vivyo hivyo, yule ambaye angesimama kumlaumu Mwalimu peke yake angekuwa ameliruka lile “sisi”.

Sasa tuseme mwenyekiti wa chama cha msingi anastaafu baada ya miaka tisa. Katika siku zake ghala lilijengwa, na pia lilinunuliwa lori lililoharibika kabla deni lake halijalipwa. Risala ya kweli italitaja ghala, na mwaka lilipofunguliwa. Italitaja lori pia, ikisema kwamba kamati nzima ilipiga kura likanunuliwe, na kwamba deni fulani limebaki. Mzee mwenye heshima hatatukanika kwa hilo, na huenda akashukuru kwamba mzigo haukuachwa begani mwake peke yake.

Hasara iliyotokana na kosa la kamati si sawa na fedha zilizopotea mfukoni mwa mtu. Za pili haziandikwi katika risala, bali hupelekwa kwa mkaguzi. Kwa sababu hiyo makabidhiano yatangulie karamu: funguo, muhuri, vitabu vya hundi, mizani na orodha ya wadaiwa. Katika vyama kadhaa mbuzi huchinjwa kwanza na vitabu hufunguliwa baadaye, na mtu aliyekwisha kula nyama huona haya kuuliza swali. Zawadi nayo, ikitoka katika fedha za chama, ipitishwe na mkutano mkuu.

Kwa majadiliano: Kiongozi wa mwisho kustaafu katika chama chenu, risala yake ilisema nini ambacho kisingeweza kusemwa juu ya mtu mwingine yeyote? Ni uamuzi gani mliuunga mkono pamoja naye, ambao leo husemwa kuwa ulikuwa wake peke yake?