Kabla ya kukimbilia mayai na nyama

Mwanamume mmoja alinijia na karatasi ya maabara iliyoonyesha kwamba protini katika damu yake imepungua. Kwa mwezi mzima alikuwa akila mayai manne kila siku na kunywa supu ya mifupa, lakini miguu ilizidi kuvimba. Nilimwomba mkojo. Ulikuwa na povu jingi, na kijiti cha kupimia kikageuka rangi mara moja. Shida yake haikuwa chakula. Protini ilikuwa ikivuja kupitia figo.

Msomaji, ukipewa matokeo kama hayo usitazame jumla pekee. Kwa mtu mzima, jumla hiyo huwa kati ya gramu 60 na 80 hivi kwa lita, ingawa kila maabara huchapisha viwango vyake kando ya matokeo. Ndani yake mna makundi mawili. Albumini hutengenezwa na ini, nayo husaidia kuzuia maji yasitoke katika mishipa na kujaa miguuni au tumboni. Globulini ni mchanganyiko, zikiwemo kinga za kupigana na maradhi.

Albumini ikishuka, huenda ini limeharibiwa na pombe au virusi, figo zinavuja, au mwili unapambana na maambukizi makali. Utapiamlo pia huchangia, lakini kwa mtu anayekula vizuri, mimi hutafuta kwingine kwanza. Kwa mama mjamzito hushuka kidogo kwa sababu maji ya damu huongezeka, na hilo ni jambo la kawaida.

Globulini nazo hupanda kutokana na maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu, Ukimwi na homa ya ini. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha na upungufu wa damu nitamwagizia kipimo cha kuzitenganisha protini hizo, kwani saratani ya uboho iitwayo mailoma huweza kujificha hapo.

Sasa angalia: albumini ikishuka huku globulini zikipanda, jumla itaonekana sawa kabisa! Na aliyehara au kutapika huweza kuonyesha protini nyingi kwa sababu tu amepungukiwa na maji.

Kwa hivyo muulize daktari wako albumini ni ngapi, na kama mkojo umepimwa. Kipimo hicho cha mkojo ni cha bei nafuu na huchukua dakika chache. Ikiwa uso huvimba asubuhi au soksi huacha alama nzito miguuni, usingoje.