Zaburi Haina Mapigo
Ukisikiliza zaburi zilizorekodiwa na kwaya ya King's College, Cambridge, chini ya David Willcocks (aliiongoza 1957 hadi 1974), usihangaike kutafuta mapigo. Hayapo. Tuni fupi ya Kianglikana ina noti 10 tu: 4 kwa nusu ya kwanza ya mstari, 6 kwa nusu ya pili. Noti inayoanza kila nusu hubeba maneno yoyote, mawili au kumi na mawili, na urefu wake hufuata maneno.

Sasa hapo ndipo kwaya nyingi huharibu: maneno yanakimbizwa, halafu mwisho unaburuzwa. King's ni kama wanaongea, ila kwa sauti nne. Jaribuni mazoezini: someni Zaburi 23 kama mnavyoongea, kisha imbeni kwa mwendo uleule.