Kundi la Nyuki Likitua Mtaani: Namna Nyuki Wanavyozaana
*Kijitabu cha elimu kwa wakaazi wa Shehia ya Mpendae, Unguja*

Kundi la nyuki likitua kwenye mwembe, upenu au tangi la maji, wengi hukimbilia moto na mafuta ya taa. Nyuki wale hawakuja kushambulia mtu. Wamo katika kuzaana: kundi moja limegawika, na sehemu yake inatafuta makaazi. Anayelijua hilo huwanusuru nyuki na hujinusuru mwenyewe.

Malkia na madume

Kundi lina malkia mmoja, vibarua maelfu ambao wote ni majike, na madume wachache. Dume hana mwiba wala hatafuti chakula. Kazi yake ni kumpanda malkia.

Siku chache baada ya kuzaliwa, malkia kijana huruka mchana wa jua hadi mahali angani wanapokusanyika madume wa makundi mbalimbali. Hupandwa hukohuko angani, kwa kawaida na madume 10 hadi 20. Kila dume akimaliza, kiungo chake hukatika naye hufa. Malkia hurudi na mamilioni ya mbegu za kiume, akazihifadhi katika kifuko kilichomo tumboni, zikamtosha kwa miaka. Baba wakiwa wengi, vibarua hutofautiana damu, na kundi huhimili zaidi maradhi.

Jike au dume?

Kabla ya kutaga, malkia hutia kichwa katika kijumba cha sega, akakikagua na kukipima upana kwa miguu ya mbele. Kisha hugeuka na kushusha tumbo. Kijumba chembamba hupata yai lililorutubishwa, la jike. Kipana hupata lisilorutubishwa, la dume. Kwa hiyo dume hana baba, lakini babu anaye, mzaa mama yake.

Yai huanguliwa baada ya siku 3. Jana (buu la nyuki) wa kike anayelishwa maziwa ya malkia, yaani chakula kinachotolewa na vibarua, mpaka mwisho huwa malkia. Wengine huwa vibarua. Tangu yai mpaka nyuki kamili, malkia huchukua takriban siku 16, kibarua 21, dume 24.

Kundi linapogawika

Chakula kikiwa tele na nafasi ikibana, vibarua hujenga vijumba vya malkia, vinavyoning'inia mfano wa njugu nyasa yenye ganda. Malkia wapya wakikaribia kutoka, yule mzee huondoka na vibarua wengi. Hutua pahala wakashikana, huku wapelelezi wakitafuta tundu la kuishi. Wakirudi, hucheza juu ya wenzao kuwaonyesha upande na umbali.

Kundi hilo halina masega, majana wala akiba ya asali ya kulinda. Kwa kawaida huwa tulivu, na huondoka baada ya saa au siku chache. Likishajenga masega, hulinda makaazi yake kwa ukali.

Nyuki wengine

Kwa nyuki wadogo wasiouma, mama hubaki na binti ndiye anayehama. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu hawana malkia: jike huweka donge la chavua ndani ya tundu, akataga yai juu yake na kuliziba kwa unga wa mbao. Hao ndio wachavushaji wazuri wa pasheni.

La kufanya

- Waondoe watoto na mifugo. Usipige mawe, usichome moto, usimwage mafuta.
- Mpe habari sheha, ili aitwe mfugaji nyuki. Kundi linaweza kuhamishiwa kwenye mzinga, likaendelea kuchavusha matango, maboga na matikiti yetu.
- Nyuki waliokwishajenga darini au ukutani waachie wenye ujuzi na vazi la kinga.
- Ukiumwa, ondoka haraka, ingia ndani, kisha ukwangue mwiba upesi. Ukivimba uso, ukikosa pumzi au ukiumwa na nyuki wengi, wahi hospitali.

Tunawaomba wazazi na walimu, wa skuli na wa madrasa, wawafundishe watoto jambo moja leo: ukiona kundi la nyuki, rudi nyuma polepole umwite mtu mzima.