Mbao za Kutelezea Juu ya Theluji

Hapa Nachingwea hatuna theluji. Lakini kila mtoto ameona unga wa muhogo: ni mweupe na mwororo, na ukitia kidole, huzama. Theluji iliyoanguka usiku huo huo ni kama unga huo, ila ni baridi sana.

Mtu akipita kwa viatu tu katika theluji nene, huzama hata magotini, akachoka upesi. Kwa hiyo watu wa nchi za baridi hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa juu kwa mbele. Uzito wa mwili, usiokaa tena mahali padogo pa nyayo, huenea juu ya ubao wote. Ndiyo sababu hazami, bali huteleza mteremkoni kama mtumbwi majini.

Jambo hili limefanyika katika nchi yetu pia. Mwaka 1912, siku za utawala wa Wadachi, wenzi wawili wa safari, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, wakateremka kwa mbao hizo. Karibu na kilele ipo barafu iliyopewa jina la Furtwängler. Lakini tangu mwaka ule, zaidi ya robo tatu ya barafu ya mlima imetoweka, kwa kuwa dunia inazidi joto na theluji haitoshi kuijaza tena. Atakaye kuiona, asikawie.

Maswali
1. Kwa nini mwenye mbao hazami?
2. Gari likikwama matopeni wakati wa masika, kwa nini watu hutia mbao chini ya magurudumu?